Komeo

Pelekeni tangazo msikitini, lakini msiseme Mwinjuma Shekue tu;
hapa Ngamiani hakuna atakayejua nani kafa.
Semeni Komeo.
Semeni Komeo wa Karakana, beki namba tano,
na mtasikia milango ikifunguliwa
kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja.

Mimi nilikuwa winga wa Muheza, mwepesi wa kumwacha mtu na kivuli chake.
Kocha alinipa somo moja kabla ya Mkwakwani:
"Ukimwona anakunja soksi, toa pasi."
Alizikunja mpaka vifundoni. Kinga ya ugoko hakuijua.
Miguu kama nguzo za ghala la katani,
na kimya.
Mabeki wengine hutukana,
hukukanyaga vidole mwamuzi akigeuka.
Yeye alikusalimia: "Hujambo, mdogo wangu?"
Ukaitikia, na hapo ndipo mpira ulipokutoka.

Dakika ya sitini na nane nilimpita.
Naapa. Waulizeni waliokaa upande wa jua.
Nilimpita kulia, nikaliona goli lote, jeupe, kama shuka lililoanikwa,
nikaisikia ardhi nyuma yangu,
kisha kitu kama muwa unaovunjwa gotini.
Muwa ulikuwa mimi.

Uwanja mzima ukasimama.
"Tia komeo! Tia komeo!"
Nami nimebebwa juu ya mlango wa choo, machela haikuwapo,
nahesabu mawingu mpaka Bombo.

Hakuja kunitazama.
Siku arobaini za plasta nilimngoja
na matusi niliyoyapanga kama vikombe vya wageni.
Yakanichachia mdomoni.

Ilipita miaka ishirini kabla sijapeleka baiskeli
kwenye kibanda kimoja cha barabara ya kumi na tatu.
Fundi ameinama, sikio kwenye gurudumu,
anagonga spoki mojamoja, anasikiliza ipi inasema uongo.
Hakuinua kichwa.
"Ule mguu vipi?"
"Unajua mvua kabla ya redio," nikamwambia.
Akakaza spoki. Akakataa hela.
Hiyo ndiyo samahani yote niliyowahi kupata,
na tangu hapo nikawa napinda gurudumu makusudi
nipate sababu ya kurudi.

Halafu kichwa kikaanza kumwacha.
Watu walisema karogwa, na wakatutazama sisi wa Muheza.
Mimi nilifikiria ile mipira ya ngozi, mizito kwa mvua,
aliyoipiga kwa paji la uso, jioni baada ya jioni,
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.
Akawa anamwita Bi Mwanakombo, mkewe, kwa jina la kipa.
"Toka golini," alimwambia, "huu wangu."
Na mama wa watu akatoka jikoni,
akasimama uani, mwiko mkononi, akingoja hatari ipite.

Siku moja mpira wa watoto ulibingirika barazani.
Akaukanyaga.
Watoto wakaomba, wakalia, magharibi ikaadhiniwa,
mguu haukubanduka.
Walirudi kwao bila mpira.

Leo alasiri walitaka vijana wa kushuka kaburini.
Nikashuka mimi, mzee na ugoko wangu mbovu; hakuna aliyeniuliza.
Nilimlaza kwa ubavu wa kulia,
upande uleule niliompitia,
nikalegeza vifundo vya sanda.
Alikuwa mwepesi. Hilo sikulitegemea.
Nikaanza kupanga mbao, na kila ufa nikauziba kwa tope.

Mechi saba, Komeo, kabla ya huu mguu,
na sikukufunga hata mara moja.

Ubao wa mwisho ulikataa kukaa.
Nikausukuma kwa mguu uleule.
Ukaingia.